Bundi wa Mashimoni na Arubaini ya Binti Yangu

Sisi wazee wa Mombasa tukirudi kutoka ughaibuni tulikokwenda kuwatazama watoto wetu, maswali tunayopokelewa nayo hayabadiliki. Tunaulizwa baridi ilikuwaje, na tulikuwa tukila nini. Mimi nilikaa Marekani miezi minne, katika mji wa Aurora, jimbo la Colorado, na nilipowajibu walioniuliza kwamba Jumamosi zangu nyingi nilizitumia kutazama ndege, baadhi yao walicheka, na mmoja akataka kujua kama kwetu kunguru wamekwisha. Nayaandika haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya wenzangu walio na wajukuu wa mbali wasiojua wazungumze nao nini.

Nilikwenda mwezi wa Aprili kwa sababu ile ile inayowapeleka wengi wetu. Binti yangu alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, na huko ugenini nani angemkanda, amchemshie maji, amnyweshe uji wa pilipili manga mpaka arubaini yake imalizike? Mumewe ni mtu wa kazi, na majirani ni wema lakini kila mmoja ana mlango wake. Kazi hiyo naijua, nimeifanya kwa mabinti wawili kabla ya huyu. Jambo lililonielemea ni jingine: mjukuu wangu wa kwanza, mvulana wa miaka 11. Kiswahili chake, ambacho alipokuwa na miaka minne kilitiririka kwenye simu hata nikashindwa kumnyamazisha, kilikuwa kimekauka. Nilipomsemesha alielewa, lakini jibu lilikuja kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kisha akarudi chumbani mwake. Hakukosa adabu hata siku moja. Kila asubuhi aliushika mkono wangu akaubusu kama alivyofunzwa. Nilimwita "mume wangu" kwa ule utani wetu wa bibi na mjukuu, naye akamtazama mama yake kwa hofu, asijue afanye nini na neno hilo. Wiki mbili tukaishi nyumba moja bila ya kuwa na mazungumzo yanayozidi salamu na "umekula?"

Alikuwa na kitu kimoja alichokipenda, nacho ni darubini ya macho mawili aliyonunuliwa na baba yake. Jumamosi moja baada ya sala ya alfajiri, mkwe wangu aliniambia kwamba wanakwenda Arsenal, na akanikaribisha. Jina hilo masikioni mwa mtu wa Mombasa ni la timu ya mpira. Huko Denver ni jina la ghala la silaha, na hilo ghala la silaha sasa ni hifadhi ya wanyama, Rocky Mountain Arsenal National Wildlife Refuge, ekari 15,000 za mbuga ya nyasi umbali wa kilomita kama 15 tu kutoka katikati ya jiji. Ukisimama hapo, magharibi unaona milima ya Rocky na theluji yake, kusini-magharibi unaona majumba marefu ya Denver, na juu yako zinapita ndege za chuma zikielekea uwanjani. Kiingilio hakuna. Ipo barabara ya maili 11, karibu kilomita 18, inayozunguka ndani ya mbuga, na kila mtu huenda polepole na gari lake.

Usidhani mbuga hiyo ni kama Tsavo. Hakuna miti ya kivuli isipokuwa kandokando ya maziwa, na nyasi zenyewe ni fupi, za rangi ya kijivu mpaka mvua zinyeshe. Kwa dakika kumi za mwanzo huoni kitu. Baadaye jicho linatulia, na kile ulichodhani ni jiwe kinageuza shingo.

Nilijifunza hapo kwamba gari ndiyo maficho bora. Wanyama wamelizoea, wanachokikimbia ni binadamu anayeshuka. Katika eneo la baisoni, wale nyati wa Marekani wenye nundu na ndevu, kushuka kumekatazwa kabisa, na ukimwona mmoja akigaagaa mavumbini hatua chache kutoka mlangoni pako hutahitaji kukumbushwa. Basi unazima injini, unateremsha kioo, unanyamaza. Mjukuu wangu ndiye aliyenifundisha kuitumia darubini: mkazie ndege macho, usimwachie, kisha uinue darubini mpaka machoni bila ya kuinamisha kichwa. Ukiinama kuitafuta darubini, ukiinuka ndege hayupo. Maneno hayo aliyasema kwa Kiingereza, lakini yalikuwa mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia tangu nifike.

Historia ya mahali hapo nilielezwa na mkwe wangu siku hiyo hiyo, na naona ni haki nawe uijue, kwa sababu bila ya hiyo utadhani tulikuwa tukistarehe tu. Ardhi hiyo ilikuwa ya watu wa kabila la Arapaho na Cheyenne, kisha ya wakulima. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa vitani, jeshi liliwaondoa wakulima na kujenga viwanda vya gesi ya sumu na mabomu ya moto. Baada ya vita sehemu ya viwanda ikakodishwa kwa watengenezaji wa dawa za kuua wadudu, kazi iliyoendelea mpaka mwaka 1982. Taka zilimwagwa kwenye madimbwi. Sumu ikateremka hadi kwenye maji ya chini ya ardhi na kuharibu mazao ya majirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jeshi likachimba kisima chenye kina cha zaidi ya kilomita 3.6 na kusukumia humo maji machafu. Denver, mji usiojua tetemeko, ukaanza kutikisika, na mwaka 1966 kisima kikasimamishwa.

Viwanda vilikuwa katikati, na pande zote liliachwa eneo kubwa tupu lililozungushiwa ua, watu wasiingie. Humo, miaka yote hiyo, wanyama walikuwa wakijiishia. Mwaka 1986 waligunduliwa tai wenye vichwa vyeupe, ndege wa nembo ya taifa hilo, ambaye wakati huo alikuwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Walikuwa wakilala kwenye miti ya humo wakati wa baridi. Mwaka 1992 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuigeuza ardhi hiyo kuwa hifadhi baada ya kusafishwa. Kazi ya kusafisha ilimalizika mwaka 2010 na iligharimu zaidi ya dola bilioni 2. Baisoni 16 wa kwanza waliletwa mwaka 2007 kutoka Montana. Leo ni kundi kubwa, na tulipofika walikuwa na ndama wa rangi ya hudhurungi.

Kusafisha, hata hivyo, si kuiondoa sumu duniani. Nyingi ilizikwa papo hapo katika mashimo yaliyotandikwa na kufunikwa, na ekari kama 1,000 za katikati bado zimo mikononi mwa jeshi, zikilindwa. Kwenye maziwa wanaruhusiwa watu kuvua kwa ndoana, lakini samaki lazima arudishwe majini. Nilimwona mzee mmoja akimtoa samaki wa kilo nzima, akamtazama, akamrudisha. Kwa mtu aliyelelewa kwenye harufu ya soko la samaki, kuona vile ni sawa na kuona mtu akifungua barua kisha akaifunga bila ya kuisoma.

Mjukuu wangu aliniuliza kama kwetu pana mahali paliharibiwa kisha pakatengenezwa. Nikamsimulia Bamburi, yale machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo Bwana René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971. Hapakuwa na udongo, ni matumbawe makavu na joto. Miti mingi aliyoijaribu ilikufa, mvinje ukashika. Lakini majani ya mvinje yakawa yanaanguka na hayaozi, mpaka akaleta majongoo wayatafune, na katika mavi ya majongoo ndimo ulimotoka udongo wa kwanza. Nilipokuwa mwalimu nimewapeleka wanafunzi huko mara nyingi. Kijana alicheka sana kwa ajili ya jongoo, akataka kulijua jina lake, akalirudia: jongoo, majongoo. Sikumficha pia kwamba mji huo huo una Owino Uhuru, ambako sumu ya risasi kutoka kwenye kazi ya kuyeyusha betri kuukuu iliwafikia watu majumbani mwao, watoto kabla ya wakubwa. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za mahakama. Akauliza kwa nini pale Denver waliwekewa ndege ua na hapa watu hawakuwekewa. Swali lake nalileta kwenu, kwani mimi sikuwa na jibu la kumpa mtoto.

Sasa nifike kwa bundi.

Ilikuwa Jumamosi yetu ya pili. Ndani ya mbuga wanaishi wanyama wadogo, jamaa ya kindi, wanaochimba mashimo na kukaa kama mji, nyumba kwa nyumba. Wamarekani huwaita mbwa wa mbugani kwa vile mlio wao wa kuonya unafanana na kubweka, ila hawana umbwa wowote. Kila mmoja husimama wima mlangoni pake akitazama wapita njia, na mimi niliwapa jina la mabawabu. Baada ya mashimo kama thelathini ya mabawabu, tulimwona juu ya kichuguu mtu tofauti: bundi, mchana kweupe, amesimama juu ya miguu mirefu myembamba. Kimo chake hakizidi chupa ya maji. Nyusi nyeupe, macho ya manjano, na sura ya mtu aliyekatizwa katikati ya hesabu.

Ndani ya gari pakawa kimya. Mkwe wangu alinitazama katika kioo. Mkewe alikuwa amebakiza wiki tatu.

Kwetu hakuna haja ya kueleza. Bundi akilia juu ya paa, watu hurusha chumvi, hutaja majina ya wagonjwa, huuliza nani amesafiri. Babewatoto, tulivyomwita tulipokuwa wadogo, alikuwa wa kututishia tulale. Basi mkwe wangu, kijana msomi mwenye shahada mbili, aliniuliza taratibu, "Mama, huyu tumwambie nyumbani, au tumwache hapa hapa?"

Nikamjibu amwambie. Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kuikata imani ya mikosi ya ndege, na wapo wanazuoni ambao katika kuisherehesha Hadithi hiyo wamemtaja bundi waziwazi. Naye yule aliyekuwa mbele yetu hakuwa na habari ya mtu. Alikuwa akitafuta riziki. Habari zilifika Mombasa kabla ya magharibi, kama kawaida, na jamaa yetu mmoja akaniletea ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwamba tusome Yaasin na tusirudi huko tena. Yaasin tulisoma, kwani haina msimu. Jumamosi iliyofuata tulirudi.

Mjukuu wangu alikuwa ameazima kitabu maktaba, na njia nzima alinisimulia. Bundi huyu wa mashimoni huwa hachimbi mwenyewe akipata cha kurithi. Hutwaa shimo lililoachwa na bawabu. Jike huingia ndani akaatamia mayai kwa muda wa karibu mwezi, naye dume hukaa nje akilinda, akimletea panya, panzi na mende, akimpokeza mlangoni. Jike hashughuliki na lolote isipokuwa mayai yake.

Nikasema, "Basi mkewe yuko arubaini."

Akauliza arubaini ni kitu gani. Nikamweleza: siku 40 za mzazi, asipike, asifue, asitoke, aletewe. Alifikiri kidogo. Kisha, kwa Kiswahili, neno baada ya neno kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akasema, "Baba… ni… bundi."

Mkwe wangu alicheka mpaka akalisimamisha gari. Kijana akaona kwamba Kiswahili kinaweza kuchekesha watu wazima, na hapo, nadhani, ndipo kilipoanza kumrudia. Akaongeza kwamba bundi dume huokota mavi ya wanyama akayatandaza mlangoni, wadudu wanaoyafuata wakawa chakula. Baba yake akasema hiyo atamwachia bundi.

Binti yangu alijifungua salama katikati ya Mei, mtoto wa kike, alhamdulillah. Tangu hapo mimi sikutoka, mzazi haachwi. Wakaenda wenyewe baba na mwana, nami nikaweka sharti: habari za ndege nitaletewa kwa Kiswahili, la sivyo hakuna mahamri. Akawa anaingia mbio, viatu havijavuliwa, anasimama mlangoni pa chumba cha mama yake na kuhesabu. Majina niliyokuwa nayo nilimpa: korongo, mwewe, kipanga. Ndege mweupe mkubwa wa ziwani mwenye mfuko chini ya mdomo ni mwari, nikamweleza kwamba mwari ni pia msichana aliyewekwa ndani akifundwa, akauliza kama mwari wa ziwani naye anafundwa. Wale wanyama kama swala wenye pembe za matawi ni ayala. Zipo programu za simu zinazotambua ndege kwa sauti yake, na yeye anayo, lakini haimpi jina la Kiswahili, na hilo lilinipa mimi cheo nyumbani.

Palipokosekana jina tulitunga. Kuna ndege wa mbuga hiyo anayeimba juu ya nguzo za ua, kifua chake cha manjano kimekatwa na alama nyeusi inayoteremka kutoka mabegani na kukutana katikati. Nilipoonyeshwa picha yake nilisema huyu anakwenda harusini, amevaa kizibao. Akaitwa Bwana Kizibao, na mpaka leo hana jina jingine katika nyumba hiyo.

Arubaini ilipokwisha, mwishoni mwa Juni, tulikwenda sote watano, mtoto mchanga akiwa amefungwa kwenye kiti chake nyuma, amelala. Kwenye kichuguu chetu walikuwa wamesimama makinda watano kwa mstari, vifua vya rangi ya maziwa ya chai, wakinyoosha na kufupisha shingo. Mama yao alikuwa nje sasa, juu ya nguzo. Kijana alitueleza kwamba makinda wakitishwa hukimbilia shimoni na kutoa sauti inayofanana na njuga ya nyoka wa huko, adui asithubutu kuingia. Binti yangu alimtazama yule bundi jike muda mrefu kwa darubini. "Mama," akaniambia, "amekonda kama mimi." Sikumbuki kama tulisema jambo jingine.

Wiki mbili baadaye walikuwa wanne. Tulisubiri saa nzima na ushei, tukidhani wa tano yumo shimoni. Mwewe alikuwa akizunguka juu. Mjukuu wangu aliandika "4" katika daftari lake, akaifuta, akaiandika tena. Hakuniuliza kitu, nami sikumtungia maelezo. Nilimpa mkono wangu, akaushika mpaka tulipolifikia lango.

Niliondoka Agosti. Mashimo yale yangekuwa matupu kabla ya baridi, kwa sababu bundi hao huhamia kusini, wengi wao Mexico. Baada yao wanakuja tai. Mwezi wa Novemba nililetewa ujumbe wa sauti, sekunde 40 za Kiswahili kitupu, kwamba ameonekana tai wa kwanza wa msimu, kichwa cheupe, juu ya mti mkavu kando ya ziwa, na je, huyo aitwe tai tu au ana jina? Nikamwambia tunaye jamaa yake huku, kichwa cheupe vile vile, mla samaki, anaitwa furukombe. Ameliandika hilo daftarini.

Desemba wanakuja, inshallah. Nimemwahidi Mida, maji yakitoka, kuwatazama vitwitwi waliotoka Ulaya na Asia, na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako yuko bundi mdogo kuliko wake, wa kutosha kiganjani, ambaye hapatikani popote duniani ila huko na sehemu chache za jirani, na milima ya Usambara kule Tanzania. Akaniuliza huyo naye anakaa shimoni? Nikamwambia la, yuko mitini, na kazi zake ni za usiku.

"Basi, Bibi," akanijibu, "ulale mchana."